Kiatu cha Mikato Mitatu

Hapo zamani, na msiniulize mwaka gani maana hata walionisimulia waligombana juu ya mwaka, palikuwa na mji uitwao Kwemzinga. Si zamani ile ya wanyama kusema. Ni zamani ya juzijuzi, magari yalishafika, na tairi likichakaa watu walilikata wakashona katambuga, vile viatu vigumu vya tairi ambavyo mtu anaweza kufa akamwachia mwanawe. Katika mji huo, siku moja ya furaha, mtoto wa siku saba alilala mapajani mwa mama yake akisubiri jina, na watu watatu wakasimama, kila mmoja akidai jina litoke kinywani mwake. Nitawaeleza walifikaje hapo, kisha nitawauliza ninyi. Sikilizeni basi. Na wewe unayejifanya umesinzia, wewe ndiye nitakayeanza naye.

Kwemzinga kulikuwa na ghala moja la mbegu. Kila nyumba iliweka humo mahindi na maharage ya kupanda. Alfajiri moja ghala likaungua. Hakufa mtu, lakini mbegu zote ziliteketea, na mwaka ule watu walikula mlo mmoja kwa siku. Watu wenye njaa wana hasira, na wenye hasira wanataka mtu wa kumkamata, tena wanamtaka leo. Wakamwita Mzee Semhando.

Mzee Semhando alikuwa msoma nyayo wa baraza. Kwa miaka thelathini, akipotea ng'ombe aliitwa yeye, ikivunjwa nyumba aliitwa yeye. Alikuwa akiinama, anatazama unyayo, anasema: huyu ni mwanamume, ana mzigo begani, goti la kulia linamsumbua. Watu walidai kwamba akiutazama unyayo wako anajua kama umegombana na mkeo. Huo ni uongo mtupu. Lakini mzee hakuwahi kuukanusha, alikuwa akitabasamu tu na kukung'uta vumbi kanzuni.

Basi Mzee Semhando akazunguka ghala. Mbele palikanyagwa na watu mia waliokuja kuzima moto. Nyuma, penye tope la maji ya paa, akakuta nyayo za katambuga, mtu mmoja, kwenda na kurudi. Akainama. Kwenye kisigino palikuwa na mikato mitatu, mmoja umezama, miwili hafifu. Akainuka, akasema, "Nileteeni katambuga zote za mji huu."

Zikaletwa, zikapangwa juu ya jamvi. Na hapo jamvini, jozi moja tu ilikuwa na mikato mitatu kisiginoni, mmoja umezama, miwili hafifu. Zilikuwa za Singano.

Singano alikuwa mkulima kijana, mchapakazi, mdomo wake mwepesi kidogo. Wiki moja kabla ya moto alikuwa amegombana na wazee wa ghala hadharani, akisema wamemrudishia mbegu zilizobunguliwa. Kwa hiyo watu wakaona ugomvi huu, wakaona kiatu hiki, wakaviunganisha. Mkewe, Mboza, akasimama mbele ya hakimu akasema mumewe alikuwa kitandani mpaka kelele za moto zilipowaamsha wote wawili. Watu wakacheka. Mke atasema nini tena?

Hakimu akamuuliza Mzee Semhando, "Una hakika?"

"Mheshimiwa," akasema mzee, "mikato hii imetokana na mawe ya njiani. Mawe hayakati viatu vya watu wawili sawasawa. Duniani hakuna kiatu kingine kama hiki."

Duniani! Yeye aliyekuwa hajavuka hata mto wa Kwemzinga! Lakini alilitamka taratibu, kwa sauti nzito, na neno likisemwa taratibu kwa sauti nzito watu hulipokea. Singano akafungwa miaka kumi na mitano, kuvunja mawe. Kiatu chake kikafungiwa kwenye kabati la baraza pamoja na ushahidi mwingine.

Sasa anaingia Kuziwa.

Kuziwa alikuwa dada mkubwa wa Singano, ndiye aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Alikuwa na mchumba. Akamwambia mchumba, "Ningoje mpaka mdogo wangu atoke." Mchumba akangoja miaka miwili, akachoka, akaoa kwingine, na Kuziwa hakumlaumu. Yeye alikwenda barazani kuomba kazi ya kufagia. Akafagia mwaka wa kwanza. Akafagia mwaka wa pili. Akafagia mwaka wa tatu, akipangusa vumbi la lile kabati kila asubuhi, akikitazama kile kiatu kupitia wavu. Na alivyozidi kukitazama ndivyo alivyozidi kushuku. Mikato ile ilikuwa safi mno. Jiwe huchana, linaacha kingo zenye nyuzi. Hii ilikuwa imenyooka.

Asubuhi moja kabati likasahauliwa wazi. Kuziwa akakichukua kiatu, akakitia ndani ya kikapu cha takataka, akafunika kwa majani makavu, akatoka nacho huku akimwamkia karani mlangoni. Hakurudi kufagia tena.

Akazunguka masoko. Kila penye mshona viatu alisimama. "Shikamoo fundi. Kazi hii unaijua?" Wa kwanza akasema haijui. Wa pili akasema haijui. Wa saba akataka kumuuzia kingine. Akatembea miaka miwili, soko kwa soko, mpaka akapanda milima ya mbali, ambako udongo ni mwekundu na mvua ikinyesha unateleza kama bamia. Huko, kwenye soko la Kitunde, akamkuta mtu mnene amekaa juu ya tairi, kisu mkononi.

"Shikamoo fundi. Kazi hii unaijua?"

Yule mtu akakigeuza kiatu, akakitazama kisigino, na uso ukambadilika. "Naijua," akasema. "Mikono hii hii ndiyo iliyokikata."

Huyo ndiye Fundi Ngereza. Akamwonyesha Kuziwa rundo la katambuga zilizo tayari. Zote zilikuwa na mikato mitatu. "Huku kwetu kunateleza," akamweleza. "Nisipotia chale kisiginoni, mteja wangu anafika kwake amejaa matope. Natia tatu. Wa kwanza unazama, maana mkono bado una nguvu. Wa pili na wa tatu huwa hafifu. Nimefanya hivyo tangu ujana."

Kuziwa akalia. Hapo ndipo alipokumbuka kwamba Singano aliwahi kupanda huko kutafuta mbegu za viazi, akarudi na viatu vipya. Kisha akajifuta, akamtazama fundi vizuri. "Mbona ulibadilika uso kabla sijakwambia kitu?"

Fundi Ngereza akaangalia chini. "Dada yangu, nisikudanganye. Habari ya kiatu cha mikato mitatu ilinifikia mwaka ule ule wa moto. Wachuuzi waliisimulia hapa hapa. Nikajua ni kazi yangu. Lakini nikaogopa, nikasema nikijitokeza wataniunganisha na moto. Nikanyamaza. Nina miaka mitano silali vizuri."

"Wewe hulali vizuri," akasema Kuziwa, "na mdogo wangu analala juu ya mawe. Funga mzigo wako, twende."

Fundi akafunga. Akaacha kibanda chake, akaacha wateja wake, akabeba kisu chake na nusu tairi, akashuka na Kuziwa mpaka Kwemzinga.

Baraza likakaa. Watu wakajaa mpaka wengine wakapanda juu ya ukuta. Kuziwa akakitoa kiatu, akakiweka mezani. Hakimu akakitazama, akauliza, "Kimetoka wapi hiki?"

"Kabatini mwenu, Mheshimiwa. Nilikichukua."

"Umekaa nacho muda gani?"

"Miaka miwili."

Hakimu akakisogeza pembeni kwa ncha ya kalamu. "Kiatu kilichotoka kabatini bila ruhusa, kikazurura masokoni miaka miwili na dada wa mfungwa, si ushahidi tena. Nitajuaje kama mikato hii hukuitia wewe? Sikipokei."

 Kuziwa akakitazama kiatu pale pembeni mwa meza. Miaka mitano yake yote, na ule wizi wake ndio uliokaribia kuharibu kila kitu.

Fundi Ngereza akasimama. "Mheshimiwa, kiacheni hicho. Nipeni nafasi nikate vingine." Akakaa chini papo hapo, mbele ya watu, akakata katambuga nne kutoka kwenye lile tairi, akazitia chale. Tatu kila moja. Mmoja umezama, miwili hafifu. Watu wakapeana viatu mkono kwa mkono wakinong'ona.

Na wakati vikizungushwa hivyo, Mzee Mkufya, aliyekuwa mlinzi wa ghala, akainua mguu wake apishe watu. Mwanamke mmoja akapiga kelele: "Jamani! Tazameni kisigino cha mlinzi!"

Mikato mitatu. Mmoja umezama, miwili hafifu.

Mzee Mkufya akashangaa kuliko wote. Mji mzima ulimjua kuwa mtu wa kutembea peku, ndiyo maana siku ya jamvi hakuna aliyemdai viatu. Hizo katambuga mkwewe wa huko milimani alimletea zawadi wiki ile ile ya moto. Alizivaa siku chache, zikambana, akaziweka, akawa anazitoa siku za baraza tu. Na nani hujishughulisha kutazama chini ya kiatu chake?

"Alfajiri ile ulikuwa umezivaa?" akauliza hakimu.

"Nilizivaa, baba. Palikuwa na baridi. Nilikwenda nyuma ya ghala nikawasha kijimoto, nikachoma hindi langu moja."  Akaitazama miguu yake. "Nilidhani nimeuzima. Hakuna aliyeniuliza. Wote mlikuwa mnatazama nyayo."

Mtasema kesi iliishia hapo. Haikuishia. Hakimu alikuwa mtu wa taratibu, akasema moto wa hindi ni jambo moja na nyayo ni jambo jingine, na hukumu ilisimama juu ya neno la msoma nyayo. Neno hilo bado halijaondolewa. Akageuka. "Mzee Semhando, unasemaje?"

Jamani, hapo mzee angeweza kujinasua. Angesema mikato ya Singano ilizidi kwa unene wa unywele. Angesema macho yake yanaona tofauti ambayo watu wa kawaida hawaioni, na baraza lingemwamini, kwa sababu lilimwamini miaka thelathini. Yeye akaomba tope. Likaletwa kwenye ungo mpana. Akasema, "Kanyagisheni kila kiatu hapa, na kile cha Singano kimoja kati yao. Mimi nigeuke." Wakafanya. Akaugeukia ungo, akainama, akatazama muda mrefu. Akanyoosha kidole. "Hiki ndicho cha Singano."

Kilikuwa cha Mzee Mkufya.

Mzee Semhando akabaki ameinama hapo hapo. Kisha akapiga magoti mbele ya ungo. "Mheshimiwa, nilisema duniani hakuna kiatu kingine. Nilisema kitu nisichokijua. Nililiondoa neno 'labda' kwa sababu mlizoea kunisikia bila 'labda', nami nilizoea sifa. Kijana hana kosa. Kosa ni langu. Na si hilo tu, wapo wengine kumi na mmoja waliofungwa kwa kinywa changu. Naomba wote wasikilizwe upya."

Akavua kofia yake ya baraza, akaiweka mezani karibu na kiatu. Tangu siku ile hakusoma tena hata unyayo wa kuku. Kesi zile kumi na moja zilisikilizwa upya, na watu wanne wakarudi makwao. Mzee Mkufya alisamehewa kwa uzee wake, akaambiwa mahindi yake ayachemshe.

Singano akatoka. Aliingia Kwemzinga mchana, mikono imeota sugu kama magome, na Mboza akamkimbilia akaangusha mtungi njiani, na hakuna aliyeuokota mtungi kwa sababu kila mtu alikuwa akilia na kucheka. Nawaambia, palipikwa siku tatu. Hata wale waliocheka Mboza alipotoa ushahidi walileta kuku, na Mboza akapokea kuku huku akiwatazama mpaka wakainamisha macho.

Mwaka haukupita, Mboza akajifungua.

Sasa mjue desturi ya Kwemzinga. Mtoto hapewi jina na wazazi wake. Siku ya saba, kabla jua halijafika utosini, jina hutoka kinywani mwa mtu mmoja ambaye nyumba hiyo inamshukuru kuliko wote. Huyo anaitwa mzazi wa jina. Mtoto atamtekea maji akizeeka, atamsindikiza kaburini kama mwana wa damu. Na kinywa ni kimoja, hakigawanywi.

Watu wakakaa uani kwa Singano. Uji ukamiminwa. Akasimama Kuziwa.

"Jina litoke kwangu," akasema. "Mimi sina mtoto, na mnajua kwa nini. Nilifagia miaka mitatu, nikatembea miaka miwili. Kama si mimi, kiatu kingekuwa kabatini mpaka leo, na huyu mtoto asingezaliwa."

Akasimama Fundi Ngereza, aliyeshuka kutoka milimani na mbuzi wawili. "Jina litoke kwangu. Kiatu bila mkono uliokikata kingesema nini? Na kiatu chenyewe hakimu alikikataa. Niliacha kibanda changu, nikaja mbele ya watu wasionijua, nikijua wanaweza kunifunga mimi. Kama si mimi, Kuziwa angekuwa bado anazunguka masoko."

Akasimama Mzee Semhando, polepole, akijishikilia kwa fimbo. "Jina litoke kwangu. Najua mnanitazamaje. Lakini hukumu ilisimama juu ya neno langu, na ni mimi peke yangu niliyeweza kuliondoa. Kama si mimi, mngekuwa na fundi, mngekuwa na viatu rundo zima, na Singano angekuwa gerezani. Mke wangu amekufa, wanangu hawapo. Niliitoa heshima yangu yote siku moja. Sijabakiwa na kitu kingine cha kutoa."

"Mzee wangu, kwa heshima yako," akasema Fundi Ngereza, "mtu amsukume mwenzake shimoni, kisha ampe mkono, halafu adai yeye ndiye aliyemwokoa?"

"Na wewe fundi," akasema Kuziwa, "miaka mitano ulijua. Ungesema mwaka wa kwanza, mdogo wangu angevunja mawe mwaka mmoja."

"Nawe mwanangu," akasema Mzee Semhando kwa upole, "uliiba ushahidi. Ungekuja kuniambia mimi, ningeutazama upya ndani ya baraza. Kidogo umzike ndugu yako kwa mkono wako mwenyewe."

"Ningekuja kwako?" Kuziwa akacheka kwa uchungu. "Wewe uliyeijua dunia nzima? Ungenisikiliza?"

Mzee akafikiri. "Hapana," akasema. "Wakati ule, nisingekusikiliza."

Watu wakacheka, na yeye mwenyewe akacheka, wakagawanyika papo hapo. Wanawake wakasema Kuziwa, nani mwingine? Mafundi na wachuuzi wakasema Ngereza. Na wale wanne waliotoka gerezani, waliokuwa wamekaa pamoja karibu na mlango, wakasema bila kusita, Semhando. Mmoja wao akasema, "Makosa wanafanya wote. Nionyesheni mwingine aliyeyasema."

Wakamgeukia Singano. Singano akakuna sugu za kiganja chake. "Miaka mitano nilipata muda wa kutosha kukasirika," akasema. "Nimewakasirikia hawa watatu, kila mmoja kwa zamu yake. Na nawapenda wote watatu. Hasira imekwisha, mapenzi hayajaisha. Nikichagua mmoja nitawaumiza wawili. Mimi siwezi. Mama yake achague."

Jua lilikuwa limebakiza kidogo kufika utosini. Mtoto akapiga chafya. Mboza akainuka, akamfunga vizuri kwenye kanga, akawatazama wale watatu waliosimama mstari mmoja: dada aliyeiba, fundi aliyenyamaza, mzee aliyekosea. Wote watatu wakanyoosha mikono kumpokea mtoto. Mboza akatabasamu, akapiga hatua.

Hapo nawasimamisha. Mtoto yule alipewa jina, sasa ana ndevu na maji anateka, nami najua anamtekea nani. Lakini siwaambii, msinibembeleze. Semeni ninyi, na tuanze na wewe uliyekuwa unasinzia: ungekuwa wewe ndiye Mboza, mwana mikononi, na miaka mitano ya mumeo kifuani mwako, ungempa nani? Je, katika hao watatu, nani alistahili?